Maksai Ni Wangu, Lango Ni la Koikai

Olmotonyi, 12 Januari 1913

Dada yangu mpenzi Lydia,

Takwenya. Najua huko Korogwe hakuna wa kukuamkia hivyo, basi itikia hata peke yako, "Iko," nami nitakusikia. Je, u mzima? Ile homa imekuacha? Watoto wanakua? Shemeji yangu Elirehema anaendeleaje na kazi ya reli? Sisi huku tu wazima kwa neema ya Mungu. Mama yetu Yeyo anakusalimu sana. Macho yake sasa yamezimika kabisa, lakini masikio ni yale yale. Juzi alimkemea mbuzi aliyekuwa akila maharage nyuma ya nyumba, na sisi wenye macho hatukuwa na habari. Wifi yako Eunike hajambo, ila anasema nimezeeka na ninakoroma. Si kweli.

Koikai hajambo.

Sasa, dada, nina jambo. Mwezi uliopita tuliitwa mkutanoni, tukaambiwa kwamba bwana mpima atakuja na minyororo yake masika yakishakolea. Pale atakapokuta ardhi imelimwa ataweka mawe, nayo itabaki ya aliyeilima. Pale atakapokuta majani ataandika kwamba haina mwenyewe, na isiyo na mwenyewe atapewa mgeni. Ndivyo tulivyoambiwa, na mkalimani alirudia ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Unalijua shamba la Yeyo la chini, lile linaloshuka mpaka kijitoni. Huku juu, karibu na migomba, tunalima. Kule chini, tangu Baba atutoke, ni majani yanayomfika mtu kifuani. Yeyo tulimpa habari jioni ile ile. Kesho yake asubuhi tulimkosa nyumbani. Alikuwa amechukua jembe lake akapapasa njia mpaka kule, tukamkuta ameinama analima. Mtu asiyeona, dada! Nilimrudisha mgongoni, naye njia nzima ananipiga begani kwa ngumi akisema, "Niache, mimi nalijua shamba langu kwa miguu."

Kwa jembe la mkono hatutamaliza. Vijana wana vipande vya kazi, nguvu zao zinaishia kwenye kahawa ya wazungu. Tumebaki wazee na wake zetu. Lakini ile plau ninayo, ile niliyopewa na Kaburu mwenye ndevu nilipomaliza kumfundishia maksai wake kazi. Mkono wake mmoja ulikuwa umevunjika, nimechonga mwingine wa mzeituni wa msituni, na ulimi wake bado unakata. Ninachokosa ni mnyama. Ninaye Mkia-mfupi, huyo amekwisha kuzoea, lakini nira ni ya wawili.

Katika boma la Koikai yumo Orok wako, yule mweusi, mtoto wa ng'ombe uliyepewa na Baba siku ya kuolewa kwako. Amekuwa maksai wa kutazamwa, nundu yake kama kilima. Nakuomba ruhusa nimfunge nira. Ni wako, hakuna mwingine wa kuulizwa. Neno lako likifika nitatuma mtu akamchukue.

Tuombeane. Nijibu mapema, maana mawingu hayangoji posta.

Ndugu yako,
Solomoni


Korogwe, 19 Februari 1913

Kaka Solomoni,

Shikamoo. Usicheke, huku hata mtu akikukanyaga mguu huanza na shikamoo. Na "Iko" niliitikia. Nilikuwa nikisugua sufuria, mwanangu akaniuliza, "Mama, unasema na nani?" Nikamwambia nasema na mlima.

Barua yako ilichelewa njiani, nami nikachelewa zaidi. Usiniulize sababu, kuna majuma mtu hapati hata pa kuwekea karatasi. Watoto ni wazima. Homa imeniacha, nashukuru Mungu. Yeyo nimemlilia na kumcheka kwa pamoja. Mbusu mikono yote miwili, ule wa jembe kwanza.

Sasa nakuja kwako. Mbuzi aliyekula maharage umemwandikia mistari zaidi ya kaka yetu mkubwa. "Koikai hajambo." Ndiyo salamu gani hiyo? Basi bado hamsemezani, tangu siku ile ulipoileta plau nyumbani, naye akasema mbele ya watu kwamba ng'ombe hakuumbwa kuwa mtumwa, nawe ukamjibu kwamba anampenda ng'ombe kuliko mama aliyemzaa. Nilidhani mvua moja ingeyaosha. Kumbe yameota.

Sikiliza, kaka. Orok ni wangu, ni kweli. Lakini yule mama yake ningemweka wapi nilipokuja huku kwenye mbung'o? Nilimwacha kwa Koikai. Mwaka ule wa ugonjwa wa ng'ombe, ulipofagia maboma, wewe ulikuwa kwa Kaburu wako. Ni Koikai aliyempandisha msituni, akakaa naye kule kwenye baridi, akarudi amekonda kumshinda ng'ombe mwenyewe. Hakuniomba hata asante. Leo mimi nitoe ruhusa kwa karatasi, nawe utume mtu akamkokote Orok mbele ya macho yake? Nitakuwa nimempiga Koikai kofi kutoka Korogwe.

Basi neno langu ni hili: maksai ni wangu, lango ni la Koikai. Utamfunga nira siku ambayo Koikai atamtoa langoni yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Asimtoe mwanawe, wala mchungaji wake. Nenda ukamwombe. Wewe ndiye mdogo.

Najua shamba linaweza kupotea. Nalijua hilo kuliko unavyodhani, wala usifikiri naandika haya kwa moyo mwepesi. Lakini shamba likipona na ninyi mkibaki hivyo, Yeyo atakuwa amepona mguu mmoja tu.

Msalimie wifi, mwambie namwamini yeye kuhusu kukoroma.

Dada yako,
Lydia


Olmotonyi, 9 Machi 1913

Dada Lydia,

Takwenya. Barua yako imefika. Sisi tu wazima. Ni Kwaresima, kanisa linajaa.

Kazi ya shamba la chini imeanza. Tunavuta tangu asubuhi, jua likipanda tunapumzika chini ya mringaringa. Udongo ni mzito, na mizizi ya majani imeshikana kama nywele za mtu asiyechana. Eunike anasaidia sana, na Namnyaki, mke wa jirani, pia. Mungu anatupa nguvu ya siku kwa siku.

Lile neno la langoni nimelisoma.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Jibu ukipata nafasi.

Solomoni


Korogwe, 28 Machi 1913

Kaka Solomoni,

Shikamoo, na heri ya Pasaka iliyopita. Hali zenu? Barua hii haiji kwa posta. Anayeileta ni Bwana Kombo, mtu wa Pangani tuliyezoeana naye hapa stesheni, anapeleka mizigo ya duka huko Arusha. Ana leso ya Yeyo na chumvi ya Eunike. Mpeni chakula ashibe. Ni mtu mwema, ila anasema sana.

Nina swali moja tu. Umeandika "tunavuta". Anavuta nani? Mkia-mfupi ni mmoja, na wewe mwenyewe uliniambia nira ni ya wawili. Kwa Koikai hukwenda, maana ungekwenda ungeniandikia kurasa. Halafu mwandiko wako, kaka! Katika darasa la ubatizo mwalimu alikuwa akitushikia karatasi yako juu, tuone jinsi herufi zinavyosimama. Leo zote zimelala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Bega lako lina nini?

Usinifiche. Mimi ni binti wa Yeyo, namsikia mbuzi nyuma ya nyumba.

Lydia


Korogwe, 13 Aprili 1913

Kaka yangu,

Shikamoo mara mbili. Sijui barua yako iko wapi njiani, lakini siwezi kuingoja. Bwana Kombo amerudi. Alikuja mlangoni kwangu na uso wa msiba, akavua kofia, akakataa hata kukaa.

"Mama Lydia," akasema, "mzigo nimefikisha. Lakini kuna jambo nimeliona, sijui kama nikwambie."

Nikamwambia, "Sema. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Ila pole. Kaka zako wamevunjiana heshima hadharani. Nimeona kwa macho yangu, wallahi. Yule mkubwa, mrefu, mwenye masikio yaliyotogwa, kamjia yule mdogo katikati ya shamba na kumtemea mate. Usoni! Kisha kifuani. Na yule mdogo kasimama kama kondoo, wala hajajifuta. Nikasema hapa sasa zitatoka sime. Nikaweka mzigo chini, nikashika njia. Hata chakula sikungoja."

Kaka, nilishika mlango. Nikamwuliza, "Bwana Kombo, fikiri vizuri. Alitema likaanguka donge, au alitema yakarushwa kama umande?"

Akanitazama. "Mate ni mate, mama."

"Siyo. Fikiri."

Akafikiri, masikini, akakunja uso. "Kama umande," akasema. "Kwa kupuliza. Hata yule ng'ombe mweusi aliyekuja naye kamtemea vile vile."

Nilianza kucheka, nikacheka mpaka machozi yakashuka, nikakaa chini pale pale kizingitini na kumshukuru Mungu kwa sauti. Majirani walitoka. Yule mtu alirudi nyuma hatua kwa hatua, akasema, "Nyinyi watu wa mlimani, ndugu anatemewa mate nanyi mnafanya sherehe!" Nilijaribu kumweleza kwamba kwetu mkubwa akikutemea hivyo amekubariki, kwamba akikukasirikia ndipo anayameza. Sidhani kama alinielewa. Amewaambia watu wa stesheni kwamba nimepatwa na homa ya kichwa.

Basi Koikai amekuja, na Orok amekuja naye. Hilo nimelipata. Mengine yote sina. Niandikie sasa hivi, na usiruke kitu. Kwa nini ulikuwa kimya? Na bega?

Nashukuru, nashukuru.

Lydia


Olmotonyi, 2 Mei 1913

Dada yangu mpenzi,

Takwenya, takwenya. U mzima? Sisi tu wazima kweli, safari hii siandiki kwa mazoea. Jana ilikuwa Sikukuu ya Kupaa, tumeimba mpaka sauti zimekauka. Mahindi yamefika gotini. Yeyo amejifunga leso yako kichwani, kila anayekuja anamwuliza ni ya rangi gani, na kila mmoja anamjibu rangi nyingine, naye anafurahi.

Mwambie Bwana Kombo tumemkasirikia. Eunike alikuwa amekwisha kuweka ndizi na maziwa, tukageuka hatukumwona, tumeona chumvi tu.

Sasa nakueleza. Nilipopata neno lako nilitoka kweli niende kwa Koikai. Nikafika penye miiba ya boma lake, nikasikia anazungumza na ndama, miguu ikakataa. Nikarudi. Nikajiambia, nira ni ya wawili, basi wa pili niwe mimi.

Ndiyo, dada. Nilimfunga Mkia-mfupi upande mmoja, nikaingia mwenyewe upande wa pili, mti begani. Eunike alishika mikono ya plau. Namnyaki alitangulia mbele akimwita ng'ombe kwa sauti ya kukamulia. Usifikiri ni mchezo. Ng'ombe ana nguvu kunishinda, kwa hiyo plau ilikuwa ikivutwa kwa upande wake, na mtaro ulipinda kama mkia wa mbwa. Nikianguka yeye anasimama, ananigeuzia jicho kubwa kama anayesema, "Nawe ni wa namna gani?" Bwana wetu alisema habari ya nira yake kwamba ni laini. Mimi nimevaa ya mti, na naamini sasa kwamba alikuwa hasemi ya mti. Bega lilichubuka, likavimba, mkono ukawa hauinuki. Ndiyo sababu ya herufi zile. Eunike alinisihi niache. Nikamwuliza, "Tuache tukamwambie nini Yeyo?" Akashika plau.

Watu walikuwa wanakuja kututazama. Wengine walicheka, na mmoja aliuliza kama usiku ninalala zizini. Koikai naye alikuja. Alisimama upande ule wa kijito kwa mguu mmoja, ameegemea fimbo yake, anatazama. Hakucheka wala hakuamkia. Akaondoka. Kesho yake alikuja tena, akasimama pale pale. Nami nikazidi kuvuta kwa ubishi, nikijua ananiona.

Siku ile ya Bwana Kombo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Udongo ulikuwa umelainika lakini unanata, nami nilikuwa nimeanguka magoti. Nikasikia mluzi wa Baba. Unaukumbuka, ule wa kuita ng'ombe jioni? Niliinua kichwa. Koikai alikuwa anateremka taratibu akipiga mluzi, na nyuma yake Orok, hana kamba, anamfuata kama mtoto. Walivuka mpaka wa shamba, wakaja wakasimama mbele yangu.

"Toka," akasema.

"Nitoke wapi?"

"Toka humo. Umekaa mahali pa ng'ombe wa watu."

Sikuweza kunyanyuka. Akanitazama shingoni, pale mti ulipokuwa umekula ngozi, na uso wake ukabadilika. Lakini unamjua Koikai, huruma yake hutoka imevaa matusi. Akasema, "Sakaya, wewe huna hata nundu. Nira itakaa juu ya nini? Juu ya ubatizo?"

Eunike aliachia plau akacheka, akacheka huku analia. Nami nikacheka, uso umejaa tope. Tangu nibatizwe hakuwahi kuniita jina lolote, dada, si hilo la zamani wala jipya. Aliniita "wewe kule".

Akanishika mkono, ule mzima, akaninyanyua. Akasema kwa sauti ya chini, Namnyaki asisikie, "Nilisema ng'ombe si mtumwa. Sikusema mtumwa awe ndugu yangu."

Nikamwambia, "Kaka, nisamehe neno lile juu ya Yeyo."

"Neno gani?" akasema. "Mimi nina ng'ombe wengi, sikai nikihesabu maneno." Hapo ndipo aliponitemea baraka, usoni na kifuani. Akamtemea Orok kipajini. Halafu akaikabili plau, akaizunguka, akaipiga kidogo kwa fimbo kama anaangalia kama inauma. Mwisho akaitemea nayo, lakini kidogo sana, kama mtu anayeonja dawa.

Alitupa masharti. Orok asipigwe fimbo. Jua likiwa kali afunguliwe. Na nira isimguse bila ngozi. Alivua ngozi yake ya kondoo mwenyewe, ile ya baridi, akaikunja akaiweka chini ya mti. Mpaka leo Orok hana hata alama, na kila jioni Koikai anakuja kumpapasa shingo kuhakikisha, huku akijidai amepita tu.

Walipovuta pamoja, Orok na Mkia-mfupi, mnyororo ulikaza sawasawa, na udongo ukageuka kwa mlio ule kama wa kitambaa kinachopasuka. Yeyo alikuwa ameketi juu kule mlangoni. Akaita kwa sauti, "Sasa wako wawili!" Hakuna aliyekuwa amemwambia.

Sikukuandikia upesi kwa sababu niliona haya. Mimi ni mzee wa kanisa. Mate ya Koikai yalikauka usoni mwangu, sikuyafuta, wala sikutaka kuyafuta. Nilikaa na jambo hili mpaka nikamwendea Mwalimu Kaanaeli, yule Mmeru anayetufundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho akasema, "Baba yangu alinitemea asubuhi ya kubatizwa kwangu, nikaingia kanisani nimelowa mara mbili. Ulitaka kufuta nini, Solomoni?" Nikarudi nyumbani nimepona.

Bwana mpima alikuja juma lililopita. Alitembea mpaka kijitoni, viatu vikajaa udongo wetu, nikafurahi. Mkalimani akauliza, "Nani amelima hapa?" Kabla sijafungua kinywa Koikai akajibu, "Orok na Mkia-mfupi." Mkalimani alitazama huku na huku akiwatafuta watu hao. Mawe yamewekwa, dada. Moja liko pale penye mkuyu wa kijito, nimekwenda kulishika mara nyingi kuliko inavyomfaa mtu mzima. Shamba ni la Yeyo.

Lakini si kila kitu ni furaha. Ng'ambo ya kijito, pale Koikai anapolishia ndama, bwana mpima aliona majani, na kwake majani si kazi ya mtu. Pameandikwa hapana mwenyewe. Koikai alichuma majani mkono mmoja, akayashika muda mrefu, kisha akampa Orok. Nimemwambia ndama waje upande wetu. Amesema atafikiri, lakini wamekwisha kuja.

Baada ya kulima, mchungaji alituazima mkokoteni wa misheni tuvute mbao za paa la shule. Orok anauvuta kama hana kitu nyuma. Koikai hutangulia mbele yake njia nzima, na akiulizwa husema naye alikuwa anakwenda huko huko.

Jambo moja silielewi. Tulipopanda, Yeyo alikataa tusitie mbegu kipande cha kando ya kijito, pale penye udongo mzuri kuliko wote. Nikamwuliza kwa nini. Anasema, "Acheni. Pana mwenyewe." Hataki kusema zaidi.

Na sasa zamu yangu. Nimezitoa barua zako zote tatu nikazisoma tena. Umeniandikia sufuria, Kombo, leso, chumvi na majirani. Elirehema hukumtaja hata mara moja, nami nilikuuliza habari zake tangu Januari. Hata mimi ni mtoto wa Yeyo. Shemeji yangu yuko wapi, Lydia?

Nijibu.

Kaka yako,
Solomoni


Korogwe, 25 Mei 1913

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo, na umwambie Koikai shikamoo, hata kama atauliza ni mnyama gani. Je, bega? Herufi zako zimeanza kusimama, nimeziona. Sisi tu wazima, na nitakueleza wazima wa namna gani.

Nilisoma barua yako kwa sauti, Elirehema amelala kitandani anasikiliza. Penye nundu na ubatizo alicheka hata kitanda kikalia. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mwaka uanze. Nilipofika penye maneno ya Yeyo, "Pana mwenyewe," niliweka karatasi chini.

Siku chache kabla ya barua yako ya kwanza kunifikia aliteleza kwenye tuta la reli, gogo likamwangukia mguu. Kwa muda tulidhani mguu utakatwa, kisha tukadhani atakufa. Mungu hakutaka hayo yote mawili. Mguu umeunga, lakini umeunga upande. Sasa anafika mlangoni kwa fimbo na kurudi, anatokwa jasho, anasema kesho atafika kisimani. Kazi ya reli haipo tena. Kihamba cha baba yake, lile shamba la migomba huko Meru, wamegawana kaka zake mpaka mgomba wa mwisho, hapana hata pa kusimika fimbo yake.

Barua yako ilipofika ikisema shamba la chini huenda litapotea, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake. Nilikuwa nikiomba Mungu anionyeshe mahali pa kwenda, na mahali penyewe nilipokuwa nikipafikiria ni pale pale, kando ya kijito. Sasa umeelewa kwa nini nilichelewa kujibu. Neno moja tu kwako, "Mfunge," na ungemfunga Orok siku ile ile. Lakini nilijua ningekuja kuishi kati ya ndugu wawili wasiosemezana, kwenye shamba lililolimwa kwa kofi. Na kama ningekueleza shida yangu mngepatana kwa kunihurumia mimi, na huruma huisha mgeni akishafika. Nilitaka mpatane kwa ajili yenu. Nimekaa na hofu miezi yote hii, kaka. Siku Kombo aliponiambia habari ya mate, watu wa stesheni walidhani nimeshikwa na wazimu. Ulikuwa ni mzigo tu unashuka.

Yeyo alijuaje? Sikumwandikia mtu. Labda wewe ulimsomea barua zangu, naye akasikia jina lisilosomwa.

Sasa tunaomba. Tungependa kurudi mahindi yakikauka. Kipande hicho kinatutosha. Nitalima mimi, Elirehema ana mikono, atachonga mipini na nira za shamba zima akiwa ameketi. Treni itatufikisha Moshi. Toka Moshi mpaka kwenu mguu wake hauwezi. Ule mkokoteni wa misheni, je, mchungaji atauazima tena? Na maksai, najua ni wangu. Lakini lango ni lile lile. Nenda kwa Koikai ukamwombe amtoe Orok aje kutuchukua Moshi. Miguu ikikataa penye miiba, ita kutoka hapo hapo, atasikia. Mwambie sitaki Orok apigwe fimbo, na kwamba ngozi ya kondoo ya kuweka chini ya nira nitaleta mpya, ile yake aivae, baridi ya Juni ni kali.

Bwana Kombo amejitolea kutusindikiza mpaka mwisho. Anasema anataka akale zile ndizi. Nimemwonya juu ya mapokezi, amesema atasimama mbali.

Kaka, andika upesi kama Koikai amekubali, hata kwa mstari mmoja. Nangoja, na leo natia sahihi kwa jina langu la zamani, lile la nyumbani.

Dada yako,
Nashilu